Kache imejaa, lakini imejaa nini? Historia ya kupima kumbukumbu ndogo ndani ya simuleta



Hapa tumezoea historia za masultani, nyaraka za Kiarabu na asili ya maneno. Leo nawaombeni mnivumilie, naleta historia ya kitu kidogo kuliko ukucha, kinachokaa ndani ya kila kompyuta (tarakilishi, wenzetu wa Kenya wakipenda) na kila simu mfukoni. Nakileta kwa sababu wengi wenu mna watoto au wapwa wanaosoma uhandisi wa kompyuta, iwe Dar, Nairobi, Muskat au huku huku ugenini, na wachache humu mnasimamia tasnifu. Vijana hawa wanapimwa kwa tarakimu zinazotoka kwenye simuleta, na tarakimu inayowaponza kuliko zote ni ile ya matumizi ya kache. Ukiijua historia yake, utajua kwa nini inadanganya.

Kwanza kache ni nini. Chukua mwenye duka. Bidhaa zote ziko bohari, mtaa wa pili. Akienda bohari kila mteja anapotaka kibiriti, hatauza kitu. Kwa hivyo anaweka rafu nyuma yake, na hapo anapanga vinavyoulizwa sana. Prosesa ndiye mwenye duka, kumbukumbu kuu ndiyo bohari, na kache ndiyo hiyo rafu. Kitu kikiwa rafuni tunasema prosesa imepata. Kisipokuwepo imekosa, na inabidi isubiri. Jina lenyewe limetoka Kifaransa, na maana yake ni kuficha: prosesa inaomba kitu cha bohari, haijui kama kimetolewa rafuni.

Wazo hili liliandikwa waziwazi mwaka 1965 na Maurice Wilkes wa Cambridge, yule yule aliyeongoza ujenzi wa EDSAC iliyoanza kazi 1949. Makala yake ilikuwa fupi mno, kurasa chache tu, na kitu chenyewe alikiita kumbukumbu mtumwa. Sisi wa pwani tunaujua uzito wa neno hilo, na nashukuru halikudumu. Lakini hoja ilidumu: kumbukumbu ndogo ya kasi, inayojijaza yenyewe kwa kufuata yale prosesa inayoyaomba, bila mwandishi wa programu kushughulika nayo.

Miaka mitatu baadaye, 1968, IBM wakatangaza System/360 Model 85, mashine ya kwanza ya biashara yenye kache. Mwandishi aliyeieleza kwenye jarida la IBM alikuwa J. S. Liptay, na ni kwenye jarida hilo hilo ndipo neno kache lilipotawazwa. Tuikague kidogo, maana kisa chetu chote kimefichwa humo.

Kache ya Model 85 ilikuwa na kilobaiti 16, na mteja akitaka angeweza kuongeza hadi 32. Waliigawa katika sekta 16, kila moja baiti 1,024, na kila sekta ikagawanywa bloku 16 za baiti 64. Prosesa ikikosa kitu, sekta nzima ilitengewa eneo lake la kumbukumbu kuu, lakini bloku zililetwa moja moja kwa kadiri zinavyohitajika. Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu ya gharama. Kutafuta kitu kwenye kache ya namna hii ni kulinganisha anwani na vibandiko vyote kwa pamoja. Kilobaiti 16 ukizigawa kwa bloku za baiti 64, unapata vibandiko 256. Kwa sekta unapata 16 tu. Vifaa vya 1968 vilikuwa ghali, na 16 ilikuwa ndiyo hesabu inayolipika.

Sasa walijuaje kwamba itafanya kazi kabla hawajaijenga? Hapa ndipo simuleta inapoingia. Walichukua programu 19 walizoona zinawakilisha kazi za wateja, wakarekodi kwenye tepu mfuatano wa anwani ambazo kila programu ilizigusa, kiasi cha amri 250,000 kila tepu. Mfuatano huu tuuite treisi. Kisha wakaupitisha kwenye programu nyingine iliyojifanya kache, ikihesabu: hii imepata, hii imekosa. Matokeo yalikuwa ya kufurahisha. Kwa wastani kitu kilichotafutwa kilikutwa ndani ya kache mara 96.8 katika 100, na mashine nzima ilifika asilimia 81 ya kasi ambayo ingekuwa nayo kama kumbukumbu yake yote ingekuwa ya kasi ya kache. Nani angelalamika? Hakuna aliyelalamika.

Ilipita miaka 16. Mwaka 1984, Mark Hill na Alan Jay Smith wa Berkeley walikuwa wanatafuta namna ya kuweka kache ndogo ndani ya maikroprosesa yenyewe. Wakaichukua ile kache ya Model 85, wakaiigiza upya, safari hii wakauliza swali jingine. Hawakuuliza tu mara ngapi imepata. Waliuliza: katika nafasi tuliyoilipia, ngapi ilitumika? Jibu lilikuwa kwamba asilimia 72 ya bloku ndani ya sekta hazikuguswa hata mara moja kabla sekta haijafukuzwa. Yaani katika kila bloku 16, kama nne na nusu ndizo zilizofanya kazi. Zilizobaki zilikuwa vyumba vilivyofungwa kwa kufuli, mwenye nyumba halali humo, wala mpangaji haruhusiwi kuingia. Wakalinganisha na mpango mwingine wa ukubwa ule ule, ambamo bloku ya baiti 64 yaweza kukaa katika mojawapo ya nafasi nne zilizopangiwa kundi lake. Kache ya Model 85 ilikosa takriban mara tatu zaidi.

Angalieni vizuri jambo hili. Ile 96.8 haikuwa uongo. Simuleta ya IBM haikuwa na kasoro, na wahandisi wake hawakuwa wajinga. Tarakimu ilikuwa sahihi kabisa, ila ilijibu swali lililoulizwa. Kupata na kutumika ni mambo mawili. Mashine kubwa za IBM za miaka ya 1970 ziliuacha mpango wa sekta zikachukua ule wa makundi, lakini hesabu iliyoonesha hasara yenyewe kwa tarakimu ilikuja baadaye, kutoka kwa watu waliokuwa na shida tofauti.

Katikati ya hapo kulikuwa na kazi mbili ambazo lazima nizitaje, maana bila hizo mbinu zetu zote zisingekuwepo. Mwaka 1966 László Bélády, mzaliwa wa Hungary aliyekuwa IBM, aliuliza: nafasi ikijaa, nani afukuzwe? Akaonesha kwamba jibu bora kabisa ni kumfukuza yule atakayehitajika baada ya muda mrefu kuliko wote. Mashine halisi haiwezi, kwa sababu haijui kesho. Lakini simuleta yenye treisi mkononi inaijua kesho, imeandikwa kwenye tepu! Hivyo simuleta ikatupa kitu ambacho vifaa haviwezi kutupa, nacho ni kipimo cha ukamilifu wa kulinganisha nao. Kazi ya pili ni ya 1970, Mattson na wenzake watatu, pia IBM. Walionesha kwamba kwa sera fulani za kufukuza, ikiwemo ile maarufu ya kumtoa aliyekaa muda mrefu bila kuitwa, unaweza kupitisha treisi mara moja tu ukapata majibu ya kache za ukubwa wote. Kwa kompyuta za wakati ule, hiyo ilikuwa tofauti ya kungoja siku na kungoja wiki.

Halafu likaja swali la treisi zenyewe. Zilikuwa fupi, na nyingi zilirekodi programu ya mtumiaji peke yake, kana kwamba mfumo endeshi haupo. Mwaka 1986 Anant Agarwal, Richard Sites na Mark Horowitz walibadili maikrokodi ya mashine ya VAX 8200 ili irekodi kila anwani, ya mtumiaji na ya mfumo. Kumbe mfumo endeshi ulikuwa mgeni mlafi sana kwenye ile rafu, na kache zilizoonekana nzuri kwenye treisi za zamani zilikosa zaidi mgeni huyo alipohesabiwa. Mwaka uliofuata Hill, katika tasnifu yake, akatupa msamiati tunaoutumia mpaka leo: kukosa kwa lazima (kitu hakijawahi kuletwa), kukosa kwa udogo wa nafasi, na kukosa kwa mgongano (nafasi ipo, lakini wawili wamepangiwa chumba kimoja). Yeye pia ndiye mwenye asili ya Dinero, simuleta ya kache iliyofundisha maelfu ya wanafunzi, nami nikiwa mmoja wao.

Tuje kwenye programu zinazopimiwa, ambazo mimi naziita programu za mizani. Muuzaji wa samaki anaweza kuwa na samaki mzuri na mizani mbovu. Mizani za mwanzo, Whetstone ya miaka ya 1970 na Dhrystone ya Reinhold Weicker ya 1984, zilikuwa programu ndogo za kutunga. Dhrystone ni ndogo kiasi kwamba yote inaenea ndani ya kache ya kawaida. Ukipima kwayo, kila kache inaonekana hodari. Ni kama kupima rafu ya duka kwa mteja anayetaka kibiriti tu, asubuhi mpaka jioni.

Mwaka 1988 makampuni yakaunda SPEC ili kuwe na mizani ya programu za kweli, na 1989 ikatoka seti ya kwanza ya programu 10. Moja iliitwa matrix300, nayo ilizidisha matriki za 300 kwa 300. Hesabu ni hii: matriki moja ina tarakimu 90,000, kila moja baiti 8, jumla baiti 720,000. Hakuna kache ya wakati ule iliyoweza kumeza matriki tatu za namna hiyo. Na ukizidisha kwa njia ya shule, matriki moja unaipita kwa safu na nyingine kwa mistari, kwa hiyo mojawapo unairukia hatua za baiti 2,400. Tuseme kila ukikosa unaleta baiti 64: unatumia 8, na kabla hujarudi kwa zile 56 zilizobaki, zimeshafukuzwa. Utumikaji wake ni moja ya nane. Kache imejaa pomoni, lakini imejaa takataka.

Wenye kompaila wakagundua dawa: kata matriki vipande vidogo, maliza kipande kimoja kabla ya kwenda kingine. Dawa ni halali kabisa, lakini karibu muda wote wa matrix300 ulikuwa kwenye mstari mmoja wa programu. Ukiutibu mstari ule, umeitibu programu nzima. Kwenye IBM Powerstation 550 alama ya matrix300 iliruka zaidi ya mara 9 kwa kubadili kompaila tu, vifaa vile vile, na ikavuta wastani wa seti yote juu pamoja nayo. SPEC wakaitoa kwenye seti ya 1992. Na hata hiyo ya 1992, Gee, Hill, Pnevmatikatos na Smith waliipima 1993 wakaona kache ya amri inakosa kwa nadra sana kulinganisha na kazi za kweli za watu wengi kwenye mashine moja.

Kuna jambo la pili kuhusu kukata vipande, nami huwaambia wanafunzi walikariri. Mwaka 1991 Monica Lam, Edward Rothberg na Michael Wolf wa Stanford walichunguza kipande kiwe na ukubwa gani. Akili ya kawaida inasema: ijaze kache yote, si umeilipia? Wakaonesha kuwa akili hiyo inakosea. Kipande kikikaribia ukubwa wa kache, vitu vya kipande hicho hicho vinaanza kugongana na kufukuzana. Mara nyingi kasi nzuri inapatikana kwa kutumia sehemu ndogo tu ya kache. Kwa hiyo kujaa si sifa. Model 85 ilikosea kwa kuacha vyumba vitupu, na huku mtu anakosea kwa kutaka vyote vijae. Asiyejua anachotafuta atapotea njia zote mbili.

Miaka ya 1990 ndipo mambo yalipofika kwetu sisi watu wa kawaida. Kabla ya hapo simuleta nzuri ilikuwa mali ya kampuni. Todd Austin, akiwa mwanafunzi Wisconsin chini ya Guri Sohi, aliandika SimpleScalar, na pamoja na Doug Burger wakaitoa kwa wote; ripoti ya toleo la 2.0 ni ya 1997. Ilikuwa bure kwa vyuo. Mwanafunzi asiye na kiwanda cha chipu, asiye na hata dola mia, aliweza kubuni prosesa yake kwenye kompyuta ya kawaida. Sijui kama watu wanaelewa ukubwa wa zawadi ile kwa vyuo vya nchi zetu. Kiwanda cha chipu ni mabilioni ya dola. Simuleta ni faili.

Lakini zawadi ilikuja na mazoea mabaya. Kwanza, vigezo vya kuanzia. Ukiiwasha SimpleScalar bila kuibadili, kache ya data ilikuwa kilobaiti 16, ya ngazi ya pili kilobaiti 256, na safari ya kumbukumbu kuu ilihesabiwa mapigo 18 ya saa. Wakati huo huo, 1995, Wulf na McKee wa Virginia walikuwa wameshaonya juu ya ukuta wa kumbukumbu: prosesa zinakimbia, kumbukumbu zinatambaa. Miaka kumi baadaye safari ile kwenye mashine halisi ilikuwa mapigo mamia. Na bado makala zilichapishwa na ile 18 iliyosahaulika kwenye faili! Kukosa kukiwa rahisi namna hiyo, kila wazo la kupunguza kukosa litaonekana halina faida, na kila wazo la kupuuza kukosa litaonekana la busara.

Pili, urefu. Programu ya SPEC ya mwaka 2000 iliweza kuwa na amri mabilioni mamia. Tuseme simuleta ya kina inakwenda amri 200,000 kwa sekunde. Amri bilioni 100 zitachukua sekunde 500,000, karibu siku sita, kwa programu moja na mpangilio mmoja. Mwanafunzi ana programu 26 na mipangilio 10. Atafanya nini, maskini? Anaruka amri bilioni moja za mwanzo, anaigiza milioni chache, anafunga hesabu. Kila mtu alifanya hivyo.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu, maana hapa ndipo tasnifu nyingi zilipozama. Kache ya ngazi ya pili ya megabaiti 2, bloku za baiti 64, ina bloku 32,768. Baada ya kuruka, kache ni tupu, kwa sababu kule kuruka kwa SimpleScalar hakukuipasha moto. Tuseme umeigiza amri milioni 10 na programu inakosa mara 3 kwa kila amri elfu. Jumla imekosa mara 30,000. Bloku 30,000 hazitoshi hata kuijaza kache mara moja! Yaani mwanafunzi ameandika sura nzima kuhusu sera mpya ya kufukuza, na ndani ya simuleta yake karibu hakuna aliyefukuzwa. Wood, Hill na Kessler walikuwa wameshalieleza tatizo la kuanza na kache baridi mwaka 1991, kwa hesabu safi kabisa. Wachache waliwasoma.

Dawa zilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu zote kwa pamoja. Minnesota walitoa MinneSPEC, programu zile zile zenye data iliyopunguzwa. Ni nzuri kwa haraka, lakini ukipunguza data inaenea ndani ya kache, na ugonjwa uliokuja kuutibu unatoweka. San Diego, kina Sherwood, Perelman, Hamerly na Calder, 2002, wakatoa SimPoint: chunguza programu inapitia awamu gani, chagua vipande vinavyowakilisha kila awamu, igiza hivyo tu. Carnegie Mellon, 2003, wakatoa SMARTS: chukua sampuli ndogo ndogo nyingi, za amri elfu moja moja, zilizotawanywa programu nzima kwa mpangilio, na katikati ya sampuli endelea kuipasha kache moto. Kwa chini ya amri milioni 50 zilizopimwa katika kila programu, wastani wa kosa lao katika mapigo kwa amri ulikuwa asilimia 0.64. Ni takwimu za kawaida, zile zile za mtu wa sensa. Mwaka 2005 Yi na wenzake walilinganisha njia zote, wakakuta hizi mbili ndizo za kuaminika, na kule kuruka na kukata ni kubahatisha.

Na je, simuleta yenyewe inafanana na mashine? Mwaka 2001 Desikan, Burger na Keckler wa Texas waliweka simuleta yao bega kwa bega na kompyuta halisi ya Compaq yenye prosesa ya Alpha 21264. Kwa majaribio madogo 21 waliweza kulishusha kosa mpaka asilimia 2. Lakini kwa programu za SPEC2000 walilitoa kwenye 40 wakalifikisha chini kidogo ya 20, na hapo ndipo lilipogoma. Tusidanganyane basi: mtu anayetangaza ubora wa asilimia 3 kwenye simuleta ambayo haijawahi kulinganishwa na chuma chochote, anapima unywele kwa kamba ya jahazi.

Tangu 2011 tuna gem5, ndoa ya M5 ya Michigan na GEMS ya Wisconsin, nayo ni huria. Inaandika faili la takwimu refu kuliko utenzi, na mojawapo ni wastani wa sehemu ya kache iliyokaliwa. Kijana mmoja wa chuo cha nyumbani, chuo sikitaji, aliniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Kache yangu ya ngazi ya pili inaonesha imetumika asilimia 2.9 tu, na inakosa karibu kila mara. Msimamizi anasema nimeharibu simuleta, nianze upya." Nikamuuliza programu yake ina ukubwa gani. Amri na data pamoja, kilobaiti 60. Basi piga hesabu: kilobaiti 60 ni bloku 960, na 960 ukigawa kwa 32,768 ni asilimia 2.9. Simuleta haikuharibika hata chembe. Na kukosa karibu kila mara ni sahihi pia: kache yake ya ngazi ya kwanza ilimeza programu yote, hivyo ya pili iliulizwa mara moja tu kwa kila bloku, kwa lazima, haikuulizwa tena. Kijana alikuwa amepoteza mwezi mzima akitafuta kosa lisilokuwepo. Dawa ilikuwa programu kubwa, data ya megabaiti kadhaa, si kusanidi upya.

Kwa hiyo mtu akikwambia matumizi ya kache, mwulize kwanza anakusudia lipi. La kwanza ni ukaliaji: bloku ngapi zina kitu ndani. Hilo linaeleza ukubwa wa programu kuliko ubora wa kache. La pili ni utumikaji wa kilicholetwa: katika baiti 64 zilizobebwa, ngapi ziliguswa kabla ya kufukuzwa. Hili ndilo lililoiumbua Model 85 na matrix300. La tatu ni uhai: bloku imeguswa mara ya mwisho, bado imekaa ikingoja kufukuzwa, ni maiti aliyekalia kiti. Mwaka 2001 Kaxiras, Hu na Martonosi walionesha kwamba ukizikatia umeme bloku za namna hii, umeme unaovuja kwenye kache ya ngazi ya kwanza unaweza kupungua mara nne bila kuumiza kasi. Leo, na simu zetu za betri, hilo si dogo.

Na kila asilimia iwe na jirani yake wa kuitolea ushahidi. Chukua amri 1,000 zenye maombi 300 ya kumbukumbu. Ngazi ya kwanza inakosa 6, sawa na asilimia 2. Hizo 6 zinakwenda ngazi ya pili, inakosa 3. Mwanafunzi anaandika kwamba ngazi ya pili inakosa asilimia 50, na mkaguzi anashika kichwa. Lakini ni safari 3 tu za bohari kwa amri elfu. Andika idadi kwa kila amri elfu, fitina inaisha.

Kwa nini nimeyaandika haya kwenu ninyi, wengi wenu watu wa lugha na historia? Kwa sababu fani hii ni moja ya milango michache ambayo kijana wa Mwanza au Mombasa anaingia akiwa na zana zile zile za kijana wa Stanford. Simuleta ni ile ile, na programu za mizani nyingi zinapatikana. Kinachotofautisha ni mtu wa kukaa naye na kumwuliza: umeipasha moto? Data yako inaenea wapi? Vigezo hivi umevichagua wewe au umevikuta? Umelinganisha na mashine gani ya kweli? Maswali manne hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji msimamizi anayejua kwamba tarakimu sahihi yaweza kujibu swali lisilo sahihi.

Walio humu wanaosimamia vijana wa fani hii, naomba tujuane. Nipo tayari kusoma rasimu za sura ya vipimo, bure, kwa Kiswahili au Kiingereza, kabla hazijafika mbele ya mkaguzi. Na mwenye neno zuri la Kiswahili kwa kache kuliko hili la kuazima, alilete tulijadili.

Naomba kuwasilisha.